Dhima ya Mtungi

Mwaka 1870, Unguja ikiwa bado na majonzi ya kipindupindu, watu wa mji walianza kushikwa na maradhi mengine, yasiyoua sana lakini yenye kupinda. Homa ilipanda ghafla, maungo yakauma hata mtu mwenye nguvu zake akashindwa kusimama wima, kisha homa ikashuka na kuviacha vifundo vya mikono na miguu vimekakamaa. Wenyewe waliyaita kidinga pepo. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja miaka hiyo, aliandika habari zake katika jarida la matabibu la Uingereza mwaka 1872, na akaeleza kwamba hayakuwa mageni kwa wazee, kwani yalikwisha kupita kisiwani karibu mwaka 1823. Wapo wataalamu wanaoona kwamba jina la homa ya dengue, linalotumika leo duniani kote, asili yake ni neno hilo letu, lililovuka bahari hadi visiwa vya Karibi. Huku kwetu nalo halikupotea, ila pepo amegeuka popo, na watu husema kidingapopo. Mwaka 1971 mtaalamu Donald Carey alitoa hoja kwamba maradhi yale ya zamani, kwa jinsi yalivyoshika viungo, hayakuwa dengue bali haya tuyaitayo leo chikungunya.

Hayo ya majina tuwaachie wanaisimu na matabibu. Kilichonivuta mimi ni huyo pepo. Mababu zetu walipomtaja hawakukusudia kueleza chanzo cha homa tu, kwani pepo aghalabu hana safari yake mwenyewe, ametumwa. Kwa hiyo aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa hakuuliza "ni nini?" peke yake; aliuliza pia "nani kamleta?" Elimu ya tiba ilipokuja ilitufundisha kuliacha swali la pili. Mbu hana nia, virusi havina chuki, na mvua hainyeshi kwa kumkomoa mtu. Faida ya mafundisho hayo ilikuwa kubwa, maana swali la nani mara nyingi lilijibiwa kwa kumkamata bibi kizee wa nyumba ya jirani. Walakini, katika zama hizi za mabadiliko ya tabianchi swali lile limerudi, na safari hii waliolirudisha ni wanasayansi wenyewe. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi lilisema bila kigugumizi mwaka 2021 kwamba joto lililoongezeka duniani, kiasi cha digrii 1.1 za Selsiasi likilinganishwa na nusu ya pili ya karne ya 19, limeletwa na shughuli za binadamu. Ikiwa joto lina mwenye kulileta, na ikiwa joto humsaidia mbu, basi kuuliza "nani kamleta?" si ushirikina tena. Ni swali la maadili, na linataka jibu lisilomrudia bibi kizee yuleyule.

Nitalifuata kwa kufuata maradhi haya ya kupinda, kwa sababu njia yake inajulikana vizuri, na kwa sababu njia hiyo imepita kwetu.

Jina la chikungunya limetoka katika lugha ya Kimakonde, kwa neno lenye maana ya kujikunja. Lilipewa ugonjwa huo kusini ya Tanganyika, Newala na vijiji vya uwanda wa Wamakonde, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953. Watafiti Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha taarifa zao mwaka 1955, na katika taarifa hizo mna jambo ambalo lilistahili kutushughulisha zaidi kuliko lilivyofanya. Uwanda ule uko juu na hauna maji ya kutiririka. Maji yalitekwa mbali, chini ya miteremko, yakapandishwa kichwani, na kitu kilichopatikana kwa taabu hivyo hakimwagwi ovyo. Kiliwekwa ndani ya nyumba, katika mitungi. Humo ndimo alimozaliana mbu wa jamii ya Aedes aegypti.

Mbu huyu si yule wa malaria tuliyemzoea. Huuma mchana. Hapendi vinamasi, hupenda maji safi yaliyotulia, karibu na watu. Mayai yake hayatagi majini bali ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja siku maji yatakapopanda na kuyagusa. Ndiyo maana kuumwaga mtungi peke yake hakutoshi. Sharti kuta zake zisuguliwe kwa ndani. Katika viumbe vyote vinavyotudhuru, sidhani kama kuna kingine kilichojifunza kwa makini namna hii jinsi binadamu anavyoishi na uhaba.

Tumezoea kudhani kwamba maradhi ya mbu hufuata mvua. Lamu iliumwa wakati wa ukame. Katikati ya mwaka 2004 chikungunya ilizuka kisiwani humo, na uchunguzi wa damu uliofanywa mwaka huohuo ulionesha kwamba takriban asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa, yaani watu wapatao 13,500. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulibainisha kwamba miezi iliyotangulia ilikuwa na joto na ukavu usio wa kawaida katika mwambao wa Afrika Mashariki. Lamu maji yake matamu huyapata kutokana na mvua inayonywewa na vilima vya mchanga vya Shela, na kwa visima, na kwa mabirika ya majumbani. Mvua ikikosekana, watu hufanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: huyaweka maji mengi zaidi na huyabadilisha mara chache zaidi. Maji yakakaa. Joto nalo likafanya kazi yake. Virusi vinapoingia tumboni mwa mbu havimpi uwezo wa kuambukiza saa ileile. Sharti kwanza vizaliane hadi vifike kwenye mate yake, na kadiri hewa inavyopata joto ndivyo siku hizo zinavyopungua. Kwa kuwa umri wa mbu ni wa majuma machache tu, kila siku moja inayopunguzwa huko ni siku inayoongezwa katika muda wake wa kuambukiza.

Kwa hesabu za vifo, chikungunya ni maradhi madogo. Lakini hesabu za vifo hazijui kazi ya mikono. Asiyeweza kukunja vidole hawezi kuvuta jarife, hawezi kukuna nazi, hawezi kushika patasi, na wako ambao viungo vyao havikurudi sawa kwa miezi, wengine kwa miaka.

Sasa tumtazame mwenye mtungi. Katika mji kama Lamu, na katika miji mingine mingi ya pwani, aghalabu ni mwanamke. Bwana afya akija, ndiye anayefunguliwa mlango na yeye. Mtungi wake ndio unaomulikwa kwa tochi. Viluwiluwi vikionekana, ndiye anayeambiwa kwamba maradhi ya mtaa mzima yanatoka kwake. Tangu enzi za ukoloni sheria za afya za miji yetu zimempa mwenye nyumba dhima ya mbu waliomo nyumbani mwake. Ushauri anaopewa ni sahihi kabisa: funika, mwaga, sugua. Nisingependa msomaji aelewe vinginevyo. Lakini ushauri hugeuka lawama kwa urahisi mno, na lawama hiyo inamwangukia kwa sababu moja tu, kwamba yeye anafikika. Mlango wake u wazi. Mwenye tanuri la makaa ya mawe upande wa pili wa dunia hana mlango ambao bwana afya anaweza kuubisha. Hapa ndipo bibi kizee wa zamani anapotujia tena, safari hii kwa jina la usafi wa mazingira.

Lugha yetu ina maneno matatu ambayo tungeyatenga barabara, tungejiepusha na dhuluma hii. Yako makosa, uko wajibu, na liko deni.

Kosa lina masharti yake. Mtu hakosi ila awe alijua, au alipaswa kujua, na awe alikuwa na njia nyingine. Mwanamke ambaye bomba lake halitoi maji na kisima chake kimeingia chumvi, akaweka maji ndani ya mtungi, hakuwa na njia nyingine. Wajibu ni jambo jingine. Amwonaye mtoto wa watu ukingoni mwa kisima ana wajibu wa kumshika, ijapokuwa si yeye aliyekiacha kisima wazi. Wajibu wake umetokana na ukaribu na uwezo, haukutokana na hatia. Kwa maana hii mwenye mtungi ana wajibu wa kuufunika, na ana wajibu huo kwa jirani yake pia. Lakini ni wajibu usio na kosa nyuma yake, na anayemwekea kosa amemdhulumu.

Deni nalo huweza kuwepo bila ya nia mbaya na hata bila ya kujua. Mtu akilima, kwa kudhani shamba ni lake, akavuka mpaka wa mwenziwe na akavuna, hatumwiti mwizi. Lakini mavuno yale hayawi halali yake kwa sababu tu hakujua. Atayarudisha. Mataifa yaliyoanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi karne mbili zilizopita yalikuwa katika hali kama hiyo. Msweden Svante Arrhenius alikokotoa mwaka 1896 jinsi hewa ukaa inavyoweza kuipasha dunia joto, lakini wachache walimsikiliza, na tunaweza kuwasamehe kosa wasiolijua. Deni halikufutika. Tena tangu mwaka 1992, mkataba wa tabianchi ulipotiwa saini Rio de Janeiro, hakuna serikali inayoweza kudai kwamba haikuambiwa, na tangu hapo kosa limeketi juu ya deni.

Kuna wasemao kwamba moshi wa mtu mmoja, au hata wa mji mmoja, ni kidogo mno kuweza kumdhuru yeyote, na kwamba hatuwezi kuuchukua moshi wa fulani tukaufuatisha hadi ndani ya mtungi wa Lamu. Ni kweli hatuwezi. Lakini mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984, alikwisha kuonesha udhaifu wa hoja hii, na mfano wake mmoja unatuhusu kwa kuwa nao ni wa maji. Watu wengi wana kibaba kimoja kimoja cha maji, na jangwani wamo watu wenye kiu. Vibaba vyote vikimiminwa katika gari moja vikagawiwa sawasawa, hakuna mwenye kiu atakayehisi tofauti ya kibaba cha mtu mmoja, ilhali vyote kwa pamoja vinawaokoa. Ikiwa wema mdogo usiohisika ni wema, basi na dhara dogo lisilohisika ni dhara.

Wengine hutuambia kwamba sisi nasi tunatoa moshi: daladala zetu, matatu zetu, makaa yetu ya mkungurume na mikoko. Jibu lilitolewa mwaka 1993 na Henry Shue, mwanafalsafa wa Marekani, alipopambanua moshi wa kujikimu na moshi wa anasa. Afrika nzima, yenye watu zaidi ya mmoja kati ya kila sita duniani, hutoa kama asilimia nne tu ya hewa ukaa inayotolewa kila mwaka, na sehemu kubwa ya hiyo ni ya nchi chache. Moshi wa anayechemsha maji ya kunywa haulingani na moshi wa anayeruka angani kwenda kustarehe, hata kama mizani ya hewa inaupima sawa.

Hata hivyo, niseme jambo ambalo halitawafurahisha wote wanaokubaliana nami hadi hapa. Ukame hauanzishi ugonjwa wa mtungi peke yake. Kati ya mbingu isiyonyesha na mbu aliyezaliwa kuna bomba, na bomba si la mataifa ya mbali, ni letu. Wamakonde wa mwaka 1952 waliugua bila ya kungojea joto la dunia, kwa sababu walikuwa hawana maji karibu. Dar es Salaam ilipata milipuko mikubwa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na hapo sababu zilikuwa nyingi: joto na mvua, ndiyo, lakini pia madumu, matairi yaliyotupwa, vifuu, maji yasiyo na uhakika na mitaa isiyozolewa taka. Nimeanza kusikia viongozi wakilitaja neno tabianchi kwa sauti ileile waliyokuwa wakiitaja kudura: kama kitu ambacho kikishatajwa, mjadala umekwisha na hakuna aliyeko ofisini wa kuulizwa. Kama pepo alikuwa kisingizio kibaya, basi na tabianchi isiwe hivyo.

Wala joto halifanyi kazi upande mmoja. Tafiti zinaonesha kwamba uambukizaji wa malaria hushamiri zaidi penye joto la digrii 25 hivi, na joto likizidi sana hupungua, ilhali dengue inayobebwa na Aedes aegypti hushamiri karibu na digrii 29. Maana yake ni kwamba dunia inapopata joto, malaria huweza kupanda milimani kwa watu wasioizoea huku sehemu nyingine za tambarare zikielemea upande wa yule mbu wa mtungi. Anayesema tabianchi huzidisha maradhi yote kila mahali anarahisisha mambo, na anayerahisisha huwapa nguvu wanaotaka kukanusha yote.

Turudi njiani. Mwishoni mwa mwaka 2004 ugonjwa ulionekana Mombasa. Mapema mwaka 2005 ulikuwa Ngazidja, ambako zaidi ya nusu ya watu waliambukizwa. Kutoka huko ulifika Réunion, na hapo hoja yangu ya bomba inapata mtihani wake, kwani Réunion ni mkoa wa Ufaransa, wenye mabomba na hospitali. Bado zaidi ya theluthi ya wakazi wake, watu kama 266,000, waliugua mwaka 2005 na 2006. Huko mbu mwingine, Aedes albopictus, anayeishi katika visahani vya maua na bustani, ndiye aliyefanya kazi, na virusi vilipata badiliko dogo la umbile lililovifanya vimfae zaidi mbu huyo. Utajiri basi haukuzuia maradhi. Ulichobadilisha ni yale yaliyofuata. Serikali ya Ufaransa ilileta askari wake kusaidia kuangamiza mbu. Maabara zikafunguliwa milango. Makala za kitaalamu zikamiminika. Kwamba mama mwenye ugonjwa huu huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, tulikuja kulijua vizuri kwa wazazi wa Réunion. Sidhani kwamba wa Lamu na wa Ngazidja hawakujifungua miezi ile.

Mwaka 2007 maradhi yalifika Italia, katika kijiji cha Castiglione di Cervia na jirani zake, yakaambukiza watu wapatao 200. Aliyevileta virusi hivyo alikuwa mgeni aliyetoka India, ambako ugonjwa ulikwisha kuenea kutoka bahari yetu. Waliovieneza ni mbu wa albopictus, ambao mayai yao yaliingia nchini humo takriban mwaka 1990 pamoja na shehena za matairi makuukuu. Magazeti ya wakati ule yaliripoti kwamba baadhi ya wanakijiji, kabla chanzo hakijajulikana, waliwashuku wahamiaji kutoka Afrika. Nalitaja hili bila ya hasira. Walifanya kama tulivyofanya sisi: waliogopa, wakamtafuta wa karibu.

Swali la deni lilifika katika meza ya mataifa, na ni vyema tulisome lilivyoandikwa. Mkutano wa Paris wa mwaka 2015 ulikubali kwamba yako madhara na hasara ziletwazo na tabianchi. Papo hapo, katika uamuzi ulioambatana na mkataba, nchi tajiri zilihakikisha imeandikwa kwamba kifungu hicho hakiwi msingi wa dhima wala wa fidia. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, ulikubaliwa mfuko wa kuwasaidia walioathirika, na mwaka uliofuata, Dubai, ukaanza kuahidiwa fedha, kwa hiari ya atoaye. Kwa lugha yetu, waliokubali kutoa walikubali kutoa sadaka. Si jambo dogo la maneno. Sadaka humtukuza mtoaji na humwachia yeye kiasi na wakati. Deni lina kiasi chake na siku yake, na anayelilipa hangoji kushukuriwa. Mwezi Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa shauri lililoanzishwa na nchi ya visiwa ya Vanuatu, ilitoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuhusu tabianchi na kwamba kuukiuka kunaweza kuleta dhima ya kufidia. Maoni hayo hayamfungi mtu pingu. Lakini neno limerudi mahali pake.

Miezi hiyohiyo Réunion ilikuwa inatoka katika mlipuko mwingine, wenye zaidi ya wagonjwa 50,000 waliothibitishwa, na Ufaransa ya Ulaya ilipata mamia ya wagonjwa walioambukizwa hukohuko. Chanjo ya kwanza ya chikungunya ilikwisha kuidhinishwa Marekani Novemba 2023, na kibali chake kikasimamishwa huko Agosti 2025 kwa sababu za usalama. Mwanzoni, soko lake kubwa lilikuwa wasafiri waendao katika nchi zenye ugonjwa. Katika hesabu hiyo Lamu ni mahali ambapo mgeni anaweza kuugua.

Liko suala moja bado. Katika mikutano ile mdai ni serikali. Fedha zikitoka, ziwe za sadaka au za deni, zitapokelewa katika hazina ya taifa, na kutoka hazina hadi bomba la kichochoro kimoja cha Lamu kuna ofisi nyingi na mihuri mingi. Mwenye mtungi hana kiti katika ofisi hata moja kati ya hizo, na serikali inayodai kwa jina lake huko nje haijamwonesha daftari.